Chama Kilipokwenda Chini: Juu ya Kufasiri Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Walimu wenzetu watatuwia radhi ikiwa makala haya ya lugha na tafsiri yataanzia penye mlango uliofungwa. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja mdogo wa kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, palikuwa na chama cha akiba na mikopo. Wanachama wake walikuwa wauza samaki, waendesha baiskeli za abiria, mafundi wa mashua, na walimu wachache, nasi tukiwa miongoni mwao. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Walikuwapo Waganda, Wasoga, Wasamia na Wajaluo, na wengine waliotoka Rwanda na Kongo. Kwa hiyo matangazo ya chama yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza na wakubwa wa ofisi, kisha karani akayafasiri na kuyabandika mlangoni kwa Kiswahili, maadamu Kiswahili ndicho kilichokuwa cha wote.

Siku moja pakabandikwa tangazo kwamba mikopo isiporejeshwa kabla ya mwisho wa mwezi, "chama kitakwenda chini." Watu wakalisoma, wengine wakasomewa. Waendesha baiskeli walifahamu kwamba ofisi itahamia chini, yaani huko bandarini ambako kodi ya vyumba ni nafuu, nao wakaona ni jambo la busara. Wauza samaki walifahamu kwamba kinachokwenda chini ni riba, kwa sababu katika masikio yao kitu kiendacho chini ni bei. Wakaamua kungoja ishuke ndipo walipe. Hakuna aliyefanya haraka. Mwezi ulipokwisha, ofisi ikafungwa kwa kufuli, na akiba za watu zikapotelea humo humo.

Mama mmoja mtu mzima, muuza samaki, alitukuta njiani akatuuliza, "Mwalimu, kwani hamkuweza kutuambia kwamba chama kinakufa?" Hatukuwa na jibu. Karani aliyelifasiri tangazo lile tulikuwa tumemfundisha wenyewe, tena alikuwa miongoni mwa wanafunzi wetu wazuri. Tangazo la Kiingereza tulipolitazama baadaye tuliona lilitumia kitenzi "go under." Kijana alichukua "go," akaandika kwenda, akachukua "under," akaandika chini. Kila neno lilikuwa sahihi.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukikichunguza kitenzi hicho, na tumeona kwamba si karani wetu peke yake aliyekosea. Makosa ya namna hiyo yamo katika vitabu vya hadithi vilivyofasiriwa, katika taarifa za habari, na katika madaftari tunayoyasahihisha kila wiki. Yamo pia, hatuna budi kukiri, katika namna tulivyokuwa tukifundisha.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Lugha hiyo hupenda sana kuchukua kitenzi chepesi kabisa, kama "go," "come," "get" au "put," na kukiwekea nyuma yake kijineno cha mahali, hata viwili hivyo vikawa kitu kimoja chenye maana yake ya pekee. Mwanafunzi anayejua kitenzi na anayejua kijineno bado hajui kitu hicho cha tatu. Mfano ulio bora, tuujuao, ni wa mashua na daraja. Mwingereza akisema "the boat went under the bridge," mashua imepita salama chini ya daraja, na abiria wanapunga mikono. Akisema "the boat went under," akanyamaza hapo, mashua imezama. Tofauti yote ya uhai na mauti iko katika kuwapo au kutokuwapo kwa jina baada ya "under." Penye jina, "under" inaonyesha mahali tu, nasi twaifasiri kwa chini ya. Pasipo jina, imeungana na kitenzi, na hapo kufasiri neno kwa neno hakufai tena. Hata sauti husaidia: katika sentensi ya pili Mwingereza hutia mkazo juu ya "under," kwa maana ndiko uzito wa maneno uliko. Hilo twaweza kulifundisha kwa dakika kumi ubaoni, na ajabu yetu ni kwamba hatulifundishi.

Jambo la pili ni gumu kidogo. Wanafunzi wengi hudhani kwamba "go under" na "go down" ni mamoja, kwa kuwa sisi tunatumia neno moja, chini, kwa yote mawili. Lakini chini yetu ni pana mno. Ni ardhi, tunaposema keti chini. Ni upande wa bondeni. Ni sehemu iliyo mvunguni mwa kitu. Ni hali ya kupungua. Kiingereza kimeyagawa hayo. "Down" ni mwelekeo tu: bei hushuka, mpiga ngumi huanguka, mtambo huacha kufanya kazi, na meli nayo husemwa hivyo hivyo inapoelekea kilindini. "Under" inataka kitu cha zaidi: inataka uso, mstari, kifuniko. Kiendacho "under" kimevuka uso wa maji na maji yakajifunga juu yake. Kwa hiyo mwogeleaji aliyechoka huenda "under" mara ya kwanza, akaibuka, akaenda tena. Na kampuni isemwapo hivyo, picha iliyo akilini si ya kitu kinachopungua bali ya kitu kilichofunikwa kisionekane. Ndiyo sababu duka linaweza kuwa na biashara inayoshuka mwaka hata mwaka na bado halijazama.

Na sasa twaona kwamba neno letu lipo tayari. Kuzama ndiko huko hasa: kuvuka uso na kufunikwa. Kitenzi hicho kimebeba mwendo na mwelekeo na kifuniko ndani ya mzizi mmoja, wala hakihitaji kuambiwa "chini." Hivyo ndivyo ilivyo tabia ya Kiswahili. Sisi husema ingia, toka, panda, shuka, vuka, zama, ibuka. Njia ya mwendo imo ndani ya kitenzi chenyewe. Mwingereza huitoa njia hiyo nje na kuiweka mkiani. Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, aliuandikia mgawanyo huu wa lugha za dunia makala mashuhuri mwaka 1985, na Kifaransa akakiweka upande ule ambao, kwa vitenzi tulivyovitaja, sisi pia tumo.

Twalitaja hilo kwa sababu wasomaji wetu wa Burundi, wa Rwanda na wa mashariki ya Kongo, ambao wengi wamesoma kwa Kifaransa, wamekuwa wakituandikia kwa unyenyekevu kana kwamba wao ni wanafunzi wa nyuma katika mambo ya tafsiri. Sivyo. Mfaransa husema "couler" kwa mashua na husema "couler" kwa kampuni, kitenzi kimoja kikavu. Mtu aliyezoea hayo, anapoletewa kampuni iliyofikwa na balaa, hutafuta kitenzi kimoja cha Kiswahili na hukipata. Ni sisi wa upande wa Kiingereza tunaoandika vipande viwili kwa sababu tumeona vipande viwili.

Mwalimu mmoja wa chama chetu, tulipomsomea maneno haya, alituletea pingamizi ambalo ni la haki. Alisema: Je, Kiswahili hakina kwenda mrama, kwenda kombo, kwenda tenge, kwenda arijojo? Ikiwa mambo huweza kwenda mrama, kwa nini chama kisiweze kwenda chini? Pingamizi hilo lilitusumbua kwa muda.

Jibu letu ni hili. Misemo hiyo imezaliwa kutokana na vitu ambavyo wasemaji waliviona kwa macho yao. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini, upande huu na upande huu, hata shehena ikahama na abiria wakashika mbao. Arijojo ni mwendo wa tiara iliyokatika uzi, ikichukuliwa na upepo isijulikane itaangukia wapi. Watu wa pwani walipochoka kueleza namna mambo yalivyoharibika, walisema yamekwenda mrama, na kila msikilizaji alishika mbao za mashua moyoni mwake. Msemo ukaenea hata kwa watu wasiojua bahari. Kwenda chini hakukupitia huko. Hakuna msemaji wa Kiswahili aliyewahi kukaa akaona kitu kinakwenda chini, akakitumia kuelezea kufa kwa chama. Ni karani aliyeliona katika karatasi ya Kiingereza. Tena kwenda chini kulikwisha kuwa na kazi nyingine, kazi ya bei na ya ngazi, na kazi hiyo ndiyo wauza samaki waliyoijua. Hatusemi kwamba Kiswahili hakiwezi kupokea msemo mgeni. Kimepokea mingi. Lakini msemo mgeni ukiingia katika nyumba ambayo tayari ina mwenye jina hilo hilo, msikilizaji humwitikia yule wa zamani.

Tungependa kuongeza kwamba hata kwenda mrama hakufai kufasiri "go under," ingawa tumeona kukitumika hivyo mara nyingi. Chombo kinachokwenda mrama bado ki juu ya maji. Nahodha anaweza kupunguza tanga, mabaharia wakafua maji, wakatosa sehemu ya shehena, na chombo kikafika. Mwandishi akisema benki fulani imekwenda mrama, hali mlango wake umekwisha kufungwa na mfilisi amekabidhiwa funguo, amewapa wenye akiba matumaini ambayo hayapo. Akisema imezama, hali inayumba tu, amewafanya watu wakimbilie dirishani kutoa fedha zao, na huenda mbio hizo zikaizamisha kweli. Kati ya kuyumba na kuzama pana hatua nyingi, na lugha ya mabaharia imezipa majina.

Hapa inatubidi tukae kidogo, kwa sababu utajiri wa Kiswahili katika jambo hili hautumiki ipasavyo madarasani. Mbali na kuzama pana kutota, neno ambalo leo wengi hulijua kwa maana ya kulowa chepechepe tu, lakini ambalo pia ni kuzama kwa chombo. Na kutokana nalo tumepata kutosa, kama vile kutokana na kutakata tumepata kutakasa. Mtu akitosa kitu amekifanya kitote. Akijitosa, amejirusha majini mwenyewe. Ndipo twasema fulani amejitosa katika siasa, na hatumwonei huruma. Pana kudidimia, ambako ni kwa polepole na aghalabu ni katika kitu laini, mchanga au tope: nguzo hudidimia, nyumba hudidimia, hali ya maisha hudidimia. Pana kutopea, ambako ni kwa tope hasa, na aliyetopea katika madeni yu hai, anajitahidi, na kila ajitahidipo anazidi kuingia. Pana kughariki, lenye harufu ya gharika ya Nabii Nuhu, lisilofaa kwa mtumbwi mmoja. Na chombo kikiachwa na maji kupwa, kikalala juu ya mchanga kisiweze kwenda, kimepwelewa. Hakikuzama, hakikuvunjika, kinangoja maji yajae. Biashara nyingi zisemwazo kuwa zimezama zimepwelewa tu. Ni neno zuri ambalo waandishi wa habari za uchumi hawalitumii kabisa, nasi twawalaumu.

Kwa binadamu Kiswahili kinakata moja kwa moja: kufa maji. Hapo pia Kiingereza na Kiswahili hutengana, maana "go under" haisemi kwamba mtu amekufa. Tumekuta katika daftari sentensi ya mtoto aliyeenda "under" mara mbili kabla ya kuokolewa na babaye, na mwanafunzi akaandika kwamba mtoto alikufa maji mara mbili. Yule mfa maji wa methali, asiyeacha kutapatapa, angestaajabu.

Watu wa maziwa makuu hawawezi kulichukulia jambo hili kuwa ni mchezo wa maneno. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikienda Mwanza, ilipinduka karibu na mwisho wa safari, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Ilipinduka, ikaelea kwa muda tumbo likiwa juu, kisha ikazama. Hayo ni mambo mawili kwa wakati mbili, na kati yake walikuwamo watu hai ndani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Taarifa nyingi tulizozisikia kwa Kiswahili zilisema kivuko kimezama. Lakini ubavu wake ulikuwa ukionekana juu ya maji, na siku mbili baadaye fundi mmoja wa kivuko akatolewa ndani yake akiwa hai, kwa sababu palibaki mahali penye hewa. Kama kingekuwa kimezama kama neno lisemavyo, nani angeendelea kugonga na kusikiliza? Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilipinduka likikaribia Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni, na hapo tena neno lililosambaa kuliko mengine yote lilikuwa kuzama. Kupinduka ni kupinduka. Hatutaki kuwafundisha waandishi kazi yao, lakini mwalimu wa Kiswahili anayo haki ya kusema kwamba maneno hayo mawili hayakufanywa kuwa mawili bure.

Tukirudi kwenye biashara, tusidhani kwamba Waingereza waliokota tu picha ya maji na kuibandika juu ya duka. Zamani mali ya mfanyabiashara mkubwa ilikuwa chomboni, na chombo kikizama naye amezama. Walimu wanaosomesha Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, wanayo mifano yote mkononi. Antonio hana hatia ya uvivu wala ya ulevi. Fedha zake zimo katika merikebu, na habari za kupotea kwa merikebu ndizo zinazomweka mbele ya kisu cha Shylock. Na mwishoni zinapokuja habari kwamba merikebu tatu zimefika salama, msomaji huona kwamba mtu yule aliyehesabiwa kuwa amezama alikuwa amepwelewa. Wafanyabiashara wa pwani yetu, waliongoja majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, hawangehitaji maelezo ya ziada.

Lakini neno tulilolichagua sisi kwa jambo hili halikutoka majini. Kufilisika asili yake ni Kiarabu, na ndani yake mna sarafu: muflisi ni mtu ambaye dirhamu zake zimegeuka kuwa fulusi, senti za shaba. Ni picha nyingine kabisa, picha ya mkono unaopapasa mfukoni. Na neno hilo lina faida moja ambayo Kiingereza hakina katika "go under." Kiswahili hutofautisha kufilisika na kufilisiwa. Aliyefilisika ameishiwa, aliyefilisiwa yuko mtu aliyemfilisi. Vivyo hivyo kuzama na kuzamishwa. Mwingereza akisema kampuni "went under," ametumia kitenzi cha kwenda, kana kwamba kampuni iliamka asubuhi ikajiendea. Hakuna aliyefanya. Benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka mwaka 1995 kwa hasara zilizotokana na biashara za mtumishi wake mmoja huko Singapore, Nick Leeson; na vitabu vya Kiingereza huandika kwa utulivu kwamba benki "went under." Mfasiri wa Kiswahili hana utulivu huo. Inambidi achague: ilizama au ilizamishwa? Akichagua, amekwisha kutoa hukumu, na hukumu hiyo haimo katika maneno aliyopewa. Sisi twadhani kwamba asome ukurasa mzima kwanza. Ukurasa ukimtaja mkosaji, atumie kuzamishwa bila woga, usipomtaja, asimzulie.

Tena pana mtego mmoja wa kuchekesha. Wakati Benki Kuu ya Uganda ilipochukua usimamizi wa Crane Bank, Oktoba 2016, Kiswahili safi kabisa cha jambo hilo kilikuwa kwamba benki imewekwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Hapo chini ya ni halali, kwa sababu kuna jina linalofuata, kama lile daraja la mashua yetu. Mwanafunzi wetu mmoja aliyekwisha kuonywa juu ya chini alikataa kabisa kuiandika, akaandika kwamba benki imezama katika Benki Kuu. Tulimsahihisha, lakini kosa lilikuwa la mwalimu aliyetoa onyo bila kutoa sababu.

Liko jambo jingine linalowapotosha wanafunzi, nalo ni kwamba kuzama kwetu hakuna ubaya ndani yake. Mzamia lulu huzama kwa hiari akaibuka na mali. Msomaji huzama katika kitabu, na mwenye fikra huzama katika mawazo. Na shahada ya juu kuliko zote katika vyuo vikuu tumeiita ya uzamivu, kwa sababu aliyeipata amezama katika elimu mpaka kilindini. Lakini Mwingereza akisema juu ya mwanafunzi kwamba "he is going under," ana maana kwamba masomo yamemlemea na karibu atashindwa. Tumewahi kuona ripoti ya shule iliyofasiriwa kwa ajili ya mzazi, ikisema kwamba mtoto anazama katika hesabu. Mzazi akafurahi, akamnunulia mtoto viatu. Hapo neno kuzama, ambalo kwa chombo lilikuwa sahihi kuliko yote, linapaswa kukataliwa. Mtoto amelemewa, ameelemewa, masomo yamemshinda: yapo maneno. (Juu ya kuzamia meli, ambako vijana wa miji ya bandari hukujua kwa maana ya kujificha ndani yake mpaka Ulaya, hatusemi kitu, ila kwamba nako ni kuzama kwa mtu anayetumaini kuibuka.)

Matumizi ya hospitali twayapitia upesi. Kiingereza husema mgonjwa ameenda "under" anapolazwa kwa dawa kabla ya kupasuliwa. Sisi tuna nusukaputi, neno ambalo kipande chake cha pili wengi hukidhani ni cha Wajerumani, nalo linajitosheleza: mgonjwa ametiwa nusukaputi, au amelala kwa dawa. Tuliwapa wanafunzi sentensi isemayo kwamba mgonjwa alikwenda "under" saa tatu asubuhi. Mmoja aliandika kwamba mgonjwa alifariki saa tatu. Saa alikuwa ameipata sawasawa.

Basi, kamusi zitusaidie vipi? Kamusi ikimpa mwanafunzi zama, shindwa, filisika, angamia, zikiwa zimepangwa mstari mmoja na kutenganishwa kwa mikato, imempa mzigo bila kumpa mizani. Twataka kila neno liambatane na sentensi yake: chombo kimezama, mdaiwa amefilisika, mwanafunzi amelemewa, mgonjwa amelala kwa dawa. Na twataka liwemo lile neno la mama muuza samaki, ambalo wafasiri wengi huliona kuwa la chini mno kwa karatasi ya ofisi. Watu husema gari limekufa, redio imekufa, soko limekufa, chama kimekufa. Si lugha ya mtaani. Ni Kiswahili cha siku zote, kinachofahamika Kisangani kama kinavyofahamika Kampala na Bujumbura, na hakuna mtu atakayedhani kwamba chama kilichokufa kimehamia bandarini.

Mwaka uliopita karani wetu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi nyingine, alikuja kutuamkia. Tulimtolea ile karatasi ya Kiingereza, ambayo tulikuwa tumeihifadhi, tukamwomba aifasiri upya. Alisita kidogo, kisha akaandika: "Wanachama, mikopo isiporejeshwa kabla ya mwisho wa mwezi huu, chama kitakufa na akiba zenu hazitalipwa." Tulimwonyesha kwamba maneno ya mwisho, yale ya akiba, hayamo katika Kiingereza. Akasema, "Najua, Mwalimu. Lakini ndizo walizokuwa wakiziuliza pale mlangoni." Tulimpa alama zote.